Tulimtunza Bila Kumwuliza

Tecla, mke wa mjukuu wangu, alikuwa ameinama juu ya kopo la chumvi, ameupa mlango mgongo, akilamba kiganja chake polepole kama mtoto anayelamba asali. Jua la asubuhi lilipenya katika nyufa za jiko na kumchora mistari begani. Hakutusikia. Mimi na Kezia, mke wa mwanangu Anastazi, tulikuwa tumetoka kuchuma majani ya maharage, na Kezia aliyetangulia alisimama ghafla mlangoni hata nusura nimkumbe kwa kikapu. Akageuka, akaweka kidole mdomoni, akanishika mkono, nasi tukarudi nyuma kwa ncha za vidole, wanawake wawili wazima, kama wezi wa kuku.

Nyuma ya ghala la mahindi Kezia alikiachia kicheko alichokuwa amekibana. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

“Umeona, mama?”

“Nimeona,” nikasema.

Hatukuongeza neno. Halikuhitajika, na zaidi ya hayo halikuruhusiwa. Kwetu mimba haitajwi. Huonwa, hulindwa, hupishwa njia, lakini haitajwi kwa jina lake mpaka mtoto mwenyewe ajitangaze kwa kulia. Anayeitaja mapema anawaonyesha njia wasioitakia mema. Mama yangu alinifundisha hivyo tulipokuwa tukiishi Rulenge, na nilipoolewa huku Nyamahanga niliikuta desturi ileile imenitangulia. Masista walionifundisha kusoma na kuandika walikuwa na maneno makali juu ya desturi zetu nyingi, ila juu ya hii hawakusema kitu. Labda wao nao waliona haya.

Jioni ile Tecla alipotaka kwenda kupalilia, Kezia alimpokonya jembe.

“Liweke chini hilo. Shamba halitakimbia.”

Tecla alimtazama, kisha akanitazama mimi. Usoni mwake palipita kitu nilichokisoma kuwa haya ya bibi arusi.

“Asante, mama,” akasema, na sauti ikamkatika. “Asante sana.”

Shukrani ile ilizidi kiasi cha jembe moja. Nilisikia kwamba ilizidi. Sikujiuliza kwa nini.

Mimi ndiye niliyemtafuta Tecla. Jovitus, mjukuu wangu, alikuwa fundi wa kujenga nyumba, mtu wa Kahama leo na Runzewe kesho, na baba yake alihofu kwamba angetuletea mke aliyemwokota njiani. Nikasema niachieni mimi. Nikapanda gari la Ngara, nikateremka Kibimba kwa watu niliowafahamu tangu usichana wangu, watu wa misa na jembe, na hapo nikamwona binti mrefu akishuka mlimani na mzigo wa kuni kichwani bila kuushika. Nilimwuliza jina lake kwa Kihangaza. Akanijibu huku akipiga goti, mzigo ukiwa palepale kichwani, na hata kijiti kimoja hakikuanguka. Sikuhitaji kuona zaidi.

Aliolewa baada ya mavuno ya maharage. Mimi nilimwita mke mwenzangu, kwa kuwa Jovitus, kama wajukuu wote wa kiume, alikuwa mume wangu kabla hajawa wake.

“Mke mwenzangu,” nilimwambia siku alipofika, “zamu yako imewadia. Mimi nimemlea, wewe mvumilie.”

“Bibi, nawe unaniachia mume aliyechakaa!”

“Amechakaa kwa kunipenda. Kazi kwako.”

Alicheka mpaka akaketi chini. Alikuwa na kicheko chenye nguvu, kicheko cha mtu anayeitana na mwenzake ng’ambo ya bonde. Nakitaja kwa sababu ndicho kilichotangulia kutoweka, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kuuliza kimekwenda wapi. Tulidhani amezoea nyumba. Mwanamke akizoea nyumba hunyamaza kidogo.

Baada ya kicheko zilifuata nguvu. Alikuwa akiinuka kitandani anashika ukuta kwanza, kama mtu aliye kwenye chombo kinachoyumba. Asubuhi alitapika nyuma ya migomba. Nyama ilimchukiza, uji ulimchukiza, ila chumvi aliifuata popote ilipofichwa. Vitambaa vyake havikuanikwa tena kwenye kamba ya nyuma. Sisi wanawake wa boma lile tuliyaona haya yote, tukayajumlisha kimyakimya, na kila mmoja akapata jibu moja. Sijui ni mwanamke gani wa huku angepata jingine.

Ngozi yake nayo ikaanza kubadilika. Alikuwa amekuja na wekundu wa udongo wa kwao. Sasa alikolea, kwanza usoni na shingoni, halafu mikunjo ya viganja ikawa kama imechorwa kwa masizi, na fizi zikageuka rangi ya zambarau. Nshoma, dada yake Anastazi, alipokuja kututembelea alimkagua kwa jicho moja tu, akanivutia kando.

“Wa kiume,” akanong’ona.

“Umejuaje?”

“Mama, huoni? Anakula rangi ya mama yake. Binti huiacha.”

Tangu hapo boma zima lilimzunguka Tecla kama kuku wanavyouzunguka mkono wenye mtama. Anastazi, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha mapenzi hadharani, alirudi kila siku ya mnada na kipande cha maini kilichofungwa kwenye jani la mgomba, akakiweka jikoni bila kusema ni cha nani. Kezia alichota maji mwenyewe. Alimsogezea kigoda karibu na moto. Alipoona chumvi inaisha upesi hakugomba. Alinunua nyingine na kuliweka kopo mahali ambapo mkono wa Tecla ungelifikia bila kunyoosha. Mimi nilimpa blanketi langu zito, kwa kuwa alikuwa anasikia baridi hata saa ambayo sisi tulikuwa tunajipepea. Na Jovitus, kila aliporudi kutoka kwenye ujenzi, alikuwa anatembea uani kwa hatua za mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nilimsikia mama yake akimwonya: “Usimsumbue. Usimwulize-ulize.” Akatii.

Miezi ilikwenda. Tumbo halikutokeza. Uso ulizidi kuchongoka, kanga ilimzunguka kiuno mara mbili badala ya moja, nami siku moja nikamwambia Kezia kwamba sielewi.

“Zipo zinazojificha mgongoni,” akanijibu bila kusita. “Ya huyu huyu Jovitus ilijificha mgongoni, mama, umesahau? Watu walinicheka kisimani mpaka wiki niliyojifungua.”

Ni kweli, nilikuwa nimesahau. Akanikumbusha, nikaridhika.

Masika yalileta homa. Wengi waliugua na kupona, lakini Tecla alipougua hakushindana nayo hata kidogo. Kezia alimkuta kisimani, alikokwenda kunawa uso tu, amelala ubavu kando ya ndoo iliyopinduka, macho wazi, hamjui mtu. Jovitus alikuwa nyumbani. Alimpakia kwenye pikipiki ya jirani, mimi nikaketi nyuma yake kumshikilia, na Kezia akatufuata kwa nyingine. Njia nzima kichwa cha Tecla kilikuwa kinagonga bega langu, chepesi kama kibuyu kikavu.

Hospitalini muuguzi aliuliza la kwanza ambalo kila muuguzi angeuliza.

“Ana mimba?”

Jovitus alimtazama mama yake. Kezia alinitazama mimi. Hata pale, mbele ya watu wenye sare nyeupe, ulimi wake ulikataa kuitaja. Akainua vidole, vitano vya mkono mmoja na viwili vya mwingine.

“Miezi saba?” Muuguzi aliweka mkono juu ya tumbo la Tecla, akaupeleka huku na huku, akauondoa. Alipima alivyojua kupima. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya upole.

“Mama, hapa hakuna mimba.”

“Iko mgongoni,” Kezia akasema.

“Haiko popote. Wala haijawahi kuwapo.”

Nilimwona Kezia akiketi kwenye benchi kidogokidogo, kama anayeteremshwa kwa kamba.

Walimwekea maji mishipani, akafumbua macho, kisha wakatuandikia safari ya Mwanza. Huko ndiko tulikoambiwa jina la kitu kilichokuwa kinamla. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka, lakini alitueleza kwa Kiswahili kinachofahamika. Juu ya figo, alisema, kila mtu ana tezi mbili ndogo, na tezi hizo hutoa homoni ambazo mwili hauwezi kuishi bila hizo. Ndizo zinazoshika nguvu, zinazoshika maji na chumvi, zinazomsimamisha mtu homa inapompiga. Za Tecla zilikuwa zimekufa. Mwili ulipokosa homoni ukaanza kuvuja chumvi, na ndiyo maana aliitamani. Ule weusi wa ngozi na fizi ulikuwa dalili ya ugonjwa uleule. Atameza vidonge kila siku, maisha yake yote. Akivimeza ataishi kama wengine, atalima, atazaa. Akiacha atakufa. Akipata homa aongeze.

“Nani alikuwa anampa chumvi?” akauliza.

“Mimi,” akasema Kezia.

“Umemwokoa, mama. Bila chumvi hiyo asingefika hapa.”

Nimeona watu wakipewa habari za msiba na nyuso zao zikawa kama uso wa Kezia saa ile aliposifiwa. Alikuwa amelisha chumvi mjukuu wake wa kiume kwa miezi mingi, na sasa anaambiwa hapakuwa na mjukuu, bali alikuwa anamshikilia mgonjwa asife. Mtu mwingine angefurahi. Nilitaka afurahi. Nilimkasirikia kimoyomoyo kwa kutofurahi.

Tecla alipopata nguvu za kuzungumza aliniita karibu, akasema kwa Kihangaza ili wengine wodini wasifahamu.

“Bibi, ni kweli mlidhani nina mimba?”

“Ni kweli.”

“Hata siku ile mama aliponipokonya jembe?”

“Hasa siku ile.”

“Mimi nilidhani mmejua kwamba naumwa,” akasema. “Nilikuwa naogopa kusema. Bibi arusi aliyeletwa juzi, aanze kusema naumwa, naumwa, watasema nini? Halafu mama akachukua jembe, nikajua mmeona wenyewe na mmenihurumia. Nikasema basi, nimefika kwa watu wema. Sina haja ya kusema.”

“Na ulipozidiwa?”

“Nilidhani mnajua mnachokifanya.”

Nilimlisha machungwa.

Tulirudi Nyamahanga naye akiwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe, na vidonge vyake kwenye mfuko wa sweta. Mimi, nikiri upungufu wa akili yangu, nilitazamia vigelegele. Mtu ametolewa kaburini. Lakini boma lilitupokea kwa kimya, na kabla ya wiki kwisha nilifahamu kwamba tumerudi kwenye nyumba iliyofiwa. Kezia hakufunga kilemba cheusi, hakulala chini, kwa maana hapakuwa na jina la kumlilia wala kaburi la kukumbatia. Ila alijifungia chumbani mchana, na ukipita ukutani ulikuwa unasikia kilio chembamba. Anastazi alirudi mnadani mikono mitupu. Kwenye mashine ya kusaga wanawake walikuwa wamekwisha kuitengeneza hadithi yao. Mtoto alikuwapo, kila mtu alimwona mama yake akikolea. Amekwenda Mwanza, amerudi bila mtoto. Na Mwanza, walisema, wanaweza kila kitu. Kuhusu vidonge vya kila siku walisema mengine, ambayo sitayaandika.

Stahili ya Tecla ilikuwa nini? Kubaki. Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka, naye aliniambia wazi, tukichambua mchele barazani: kubaki katika nyumba aliyoolewa, na mume aliyemkubali naye akakubaliwa, alime, azae Mungu akijalia, ameze vidonge vyake kama wengine wanavyomeza chai. Jovitus alikuwa bado anampenda. Anastazi hakuwa mtu mbaya. Kila kitu, tuliona sote wawili, kilikuwa nyuma ya mlango ule uliofungwa mchana.

“Bibi, nataka kwenda kumpa mama pole,” akasema.

“Pole ya nini? Hapa hakuna aliyekufa. Kile ambacho hakikuwapo hakifi.”

“Najua.”

“Basi usiende kusema uongo.”

“Siendi kusema uongo, bibi. Hakuna aliyekufa, lakini yeye amefiwa.”

Aliweka ungo chini, akajikung’uta makapi, akaenda. Aliuacha mlango wazi, kwa hiyo nilimwona akivua viatu na kuketi sakafuni, ameinyoosha miguu kama tunavyoketi matangani, wala hakusogea karibu na kitanda. Alikaa hivyo muda, kama inavyotakiwa. Kisha nikamsikia.

“Pole, mama. Pole kwa mtoto.”

Kilio kilikoma. Nikasema moyoni, amefaulu. Huyu binti ana hekima ambayo mimi sikupewa. Kezia akatokea mlangoni, nywele hazijasukwa, macho yamevimba, akaniruka kwa macho na kuita uani kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

“Anastazi! Njoo! Njoo umsikie kwa kinywa chake. Amenipa pole ya mtoto! Kwa hiyo alikuwapo!”

Kikao kilikaa Jumapili baada ya ibada. Alikuwapo Anastazi, Kezia, Jovitus, mimi, na Telesfori, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyependa vikao kwa sababu ya pombe inayofuata. Tecla aliketi kwenye jamvi, peke yake.

“Mimi nasema kwa mfano,” Telesfori akaanza, akijikuna goti. “Mtu akienda kununua baiskeli, akaikuta iko kwa fundi, na fundi akamwambia kila siku uilete niitie dawa kidogo, mpaka mwisho wa dunia, mtu huyo ataichukua?”

“Shemeji,” nikamwambia, “wewe mwenyewe humezi vidonge vya presha?”

“Mimi ni mzee, shemeji! Mimi nilinunuliwa nikiwa mpya.”

Wengine walicheka, hata Jovitus alitabasamu kidogo, nami nikaona nafasi. Nikasimama. Nilieleza mambo yote kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kueleza: ugonjwa ni huu, dalili zake ni hizi, mimba haikuwapo, muuguzi alipima, daktari alithibitisha, na yeyote anayesema vinginevyo anamsingizia mtu aliyekuwa katika hatari ya kufa. Sikukosea popote. Kila niliposema haikuwapo nilimwona Kezia akijikunja, kama mtu anayepigwa mahali pamoja, nami niliendelea kusema haikuwapo. Nilikuwa na haki, na haki yangu haikumsaidia mtu yeyote mle ndani. Ilinipasa kuketi kando ya Kezia kwanza. Ilinipasa kumshika mkono. Mambo hayo mawili yasingechukua muda mrefu kuliko hotuba yangu.

Nilipomaliza, Jovitus aliinua kichwa. Hakunitazama mimi.

“Tecla. Bibi anasema hapakuwa na kitu. Kama hapakuwa na kitu, mbona ulimpa mama pole?”

Aliuliza bila ukali. Alikuwa anataka jibu, namjua, alikuwa analitaka kwa moyo wake wote; lilikuwa swali la kwanza alilomwuliza mkewe tangu ndoa ilipoanza kuugua.

“Kwa sababu alikuwa analia,” akasema Tecla.

Nilifahamu kwamba hilo ndilo jibu, zima, halina ufa, na kwamba katika chumba kile halikumtosha mtu. Kezia alitikisa kichwa. Anastazi alikohoa. Telesfori akauliza kama pombe imechujwa.

Walisema Tecla arudi kwao apumzike kwanza, apate nguvu. Maneno ya heshima hutafutwa siku kama hizo. Jovitus alimsindikiza mpaka kituoni Nyakahura, akambebea mfuko, akasimama mpaka gari likaondoka. Alirudi, akaenda Kahama, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake. Hakuna aliyekwenda kumchukua Tecla. Hakuna siku iliyopangwa ya kutomchukua. Siku zilipita tu, kila moja ikiiachia inayofuata kazi ile.

Sasa Jovitus ana mke mwingine, mwanamke mwema, na mtoto wao anakuja kulala mgongoni kwangu kila alasiri. Nampenda mtoto huyo. Mke huyo alipoanza kutapika asubuhi, Kezia hakusubiri hata amalize kusukutua mdomo. Alimwuliza mbele yangu, mchana kweupe, kwa neno lake lenyewe: una mimba au unaumwa? Nilishtuka kama mtu aliyesikia tusi kanisani. Desturi niliyoikuta katika boma lile, na niliyodhani itanizika, ilikufa pale jikoni kwa swali moja, na Kezia akaendelea kumenya ndizi. Hatukuzungumza juu yake. Najua alikuwa anamfikiria nani, naye anajua kwamba najua.

Mwaka huu, magoti yangu yaliporuhusu, nilikwenda Kibimba. Nilishuka garini nikapanda kilima kwa fimbo, na Priscila, mama yake Tecla, akanipokea kwa shikamoo na kiti na maziwa, kana kwamba sikutoka katika nyumba iliyomrudisha mwanawe. Tecla alikuwa uani. Sikumtambua mara moja. Ule weusi wa masizi ulikuwa umepungua, uso umejaa, alikuwa anafua nguo kwenye beseni kubwa, na mikono yake ilikuwa imara.

“Mke mwenzangu!” akaita. Alikuja kunikumbatia na mapovu hadi viwikoni.

“Acha hizo nguo,” Priscila akamwambia kutoka mlangoni. “Nimesema nitazifua mimi. Utaanguka.”

“Sianguki, mama.”

“Ulianguka.”

“Nilianguka zamani.”

Priscila alinitazama kama anayeomba msaada wa mtu mzima mwenzake, akarudi jikoni akiguna. Tecla akanisogezea kigoda, akaendelea kufua.

“Umeona?” akasema. “Hawaniruhusu kushika jembe. Wakikaa kuzungumza mambo ya mbele, ya mashamba, ya nani atajenga wapi, mimi sihesabiwi. Kwenu nilifanywa muuaji, hapa nimefanywa marehemu. Nakula vizuri, nalala vizuri, nameza dawa zangu, na kila ninapocheka wanatazamana.”

Zamani ningemsahihisha. Ningemwambia kwamba wanamtakia mema, jambo ambalo ni kweli. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima nikiwa na hotuba ya kuomba radhi kwa niaba ya boma langu, niliyoipanga sentensi kwa sentensi kama barua ya kiofisi. Niliiacha. Nikamwuliza jambo ambalo, tangu siku nilipomwona akishuka mlimani na kuni, sikuwahi kumwuliza.

“Unajisikiaje, Tecla?”

Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Alifikiri, kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni asiyetaka kumpotosha.

“Asubuhi nachelewa kuamka vizuri,” akasema. “Mpaka kidonge kifanye kazi. Mchana niko sawa. Jioni nachoka, lakini ni kuchoka kwa kawaida, kule kwa mtu aliyefanya kazi. Nikiudhika sana nachoka zaidi. Naogopa homa. Siogopi kitu kingine.” Akakamua shati, akalikung’uta. “Unataka kujua jambo, bibi? Hutakasirika?”

“Sema.”

“Miezi ile, kwenu. Ile ya kigoda na maini na blanketi lako. Nilikuwa nakufa, nimekwishaambiwa na daktari kwamba nilikuwa nakufa. Lakini sijawahi kupendwa vile. Nikiikumbuka, naikumbuka kama miezi ya raha.” Alitabasamu, akainamia beseni. “Mama Kezia alikuwa ananiamkia kabla sijamwamkia. Fikiria. Mkwe!”

Nilitafuta neno. Nina maneno mengi, nimefundishwa nilipokuwa mdogo mahali pa kuyaweka na namna ya kuyapanga, na sikupata hata moja lililokuwa na ukubwa wa kile alichonipa. Kwenye kilima cha ng’ambo mtu alikuwa anaita ng’ombe. Tecla alianika shati la mwisho, akamwaga nusu ya maji kwenye mashina ya migomba, akalizungushia beseni mikono yake.

“Tecla!” Priscila akaita kutoka jikoni. “Liache hilo, ni zito, ninakuja!”

Tecla alilibeba.